Yai la Kuku na Uzito wa Komba: Tafakuri juu ya Maandishi ya Jane Goodall kwa Watoto

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kupima kazi ya mwandishi mmoja aliyewaandikia watoto habari za kweli za wanyama. Mwandishi huyo ni Jane Goodall, aliyefariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Wengi humkumbuka kama mtaalamu wa sokwe wa Gombe. Kwamba alikuwa pia mwandishi wa watoto ni jambo ambalo aghalabu husahauliwa, au hutajwa kwa haraka kana kwamba vitabu vya watoto ni makombo ya meza ya wasomi. Sisi tutashughulika na upande huo tu, nasi tutausoma tukiwa tumesimama mahali maalumu, yaani Kisarawe na Kibaha, katika Mkoa wa Pwani.

Tuna sababu mbili za kuchagua mahali hapo. Kwanza, wilaya hizi ni majirani wa Dar es Salaam, mji ambao Goodall alikuwa na makazi yake kwa miaka mingi, na ambako mwaka 1991 alikutana nyumbani kwake na kundi dogo la wanafunzi wa sekondari na kuanzisha nao harakati ya vijana iitwayo Roots & Shoots, maana yake Mizizi na Machipukizi. Pili, huko ndiko iliko misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu. Watoto wa huko hawaujui msitu kwa picha. Wanaujua kwa kuni, kwa njia ya kwenda shamba, na kwa magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara yakingoja mnunuzi kutoka mjini. Hapana budi basi tuulize: kitabu cha habari za wanyama kikimfikia mtoto wa namna hiyo, kinamfundisha nini juu ya viumbe vya Mungu vilivyo nyuma ya nyumba yao?

Mwandishi na vitabu vyake

Jane Goodall alizaliwa London mwaka 1934. Alifika Kenya mwaka 1957, akakutana na Louis Leakey, na tarehe 14 Julai 1960 akashuka kwenye ufuko wa Gombe, kaskazini mwa Kigoma, akiwa na mama yake Vanne na mpishi. Miongoni mwa vitabu vyake kwa watoto viko viwili vinavyotuhusu zaidi. Cha kwanza ni "My Life with the Chimpanzees" cha mwaka 1988, ambacho ni habari ya maisha yake mwenyewe. Cha pili ni "The Chimpanzee Family Book" cha mwaka 1989, kinachoonyesha maisha ya familia ya sokwe kwa maneno na kwa picha za Michael Neugebauer. Baadaye aliandika pia hadithi kwa watoto wadogo, lakini hizo si mada yetu.

Katika kitabu cha mwaka 1988 liko tukio ambalo mwandishi alilisimulia maisha yake yote. Akiwa bado mtoto mdogo alitaka kujua yai hutoka wapi katika kuku. Hakuridhika na majibu ya watu wazima. Akaingia kimya ndani ya banda la kuku, akajificha, akangoja saa nyingi hata akaona kwa macho yake kuku akitaga. Nyumbani walikuwa wamekwisha kuanza kumtafuta. Mama yake, badala ya kumwadhibu, aliketi na kusikiliza habari ya yai.

Kwa kadiri tuonavyo, ukurasa huu ndio bora kuliko zote alizowaandikia watoto, na ubora wake hautokani na sokwe. Unatokana na kwamba mtoto yeyote anaweza kuurudia. Hauhitaji meli, wala hema, wala msaada wa fedha kutoka ng'ambo. Kisarawe nzima ina kuku. Kibaha nako, ambako Shirika la Elimu lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970 liliunganisha shule, hospitali na mafunzo ya kilimo mahali pamoja, kuku si kitu cha ajabu hata kidogo. Mwandishi anamwambia mtoto kwamba elimu ya viumbe huanza kwa kutulia mbele ya kiumbe kilicho karibu na kukitazama mpaka kijieleze chenyewe. Fundisho hili linaweza kuchukuliwa kama lilivyo na kupelekwa katika shule yoyote ya Mkoa wa Pwani.

Hadithi na habari

Ili tuuone uzito wa fundisho hilo, yafaa tukumbuke kwamba watoto wetu hukutana na wanyama kwanza katika hadithi. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi na mpumbavu, simba ni mfalme anayedanganywa. Hadithi hizo ni hazina, nasi hatuna nia ya kuzibeza. Lakini wanyama wa hadithi ni wanadamu waliovaa ngozi. Biblia nayo inaifahamu njia hiyo: miti ya Yothamu inayotafuta mfalme (Amu. 9:8-15) si habari ya miti, bali ni habari ya siasa za Shekemu.

Hata hivyo Biblia ina njia ya pili. Sulemani anasifiwa kwa kunena habari za miti, na za wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki (1 Fal. 4:33). Mithali inatuelekeza kwa viumbe wadogo wanne wenye akili nyingi (Mit. 30:24-28). Zaidi ya yote, katika Ayubu 38 hadi 41 Mungu anamjibu mtu mwenye mateso kwa kumwonyesha wanyama wasiomtumikia mwanadamu: mbuzi wa mwituni wanaozaa pasipo mkunga, punda-mwitu asiyesikia kelele za msimamizi, mbuni, mwewe. Hapo mnyama si kinyago cha mtu. Ana siri yake mbele za Muumba wake, na Ayubu anaalikwa anyamaze na kutazama. Vitabu vya habari za wanyama kwa watoto, vikiandikwa vizuri, ni ndugu wa sura hizo.

Sasa tutazame rafu zetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwasaidia wachapishaji wa nchi hii kutoa vitabu vingi vya Kiswahili kwa watoto, na tunaushukuru. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo ni hadithi. Matokeo yake ni kwamba mtoto aweza kumaliza darasa la saba akimjua fisi wa hadithi peke yake. Hajui kwamba fisi madoa ni mwindaji hodari, wala kwamba jike ndiye mkuu katika kundi. Goodall na mumewe wa kwanza, Hugo van Lawick, waliyaeleza maisha ya fisi, mbweha na mbwa mwitu katika kitabu "Innocent Killers", nao walikuwa miongoni mwa waliomwondolea fisi sifa ya kula mizoga tu. Vivyo hivyo kwa komba. Watu wa pwani humtaja komba wanapozungumza juu ya ulevi, kwa kuwa huwavizia wagema na kunywa tembo minazini. Huo ni utani mzuri, na una ukweli ndani yake, lakini mtu aweza kucheka utani huo miaka sitini bila kujua kwamba ziko komba za aina kadhaa, na kwamba aina moja iko karibu kutoweka.

Kutaja jina

Jambo la pili tunalotaka kulipima ni majina. Goodall alipokwenda Cambridge mwaka 1962 kusomea shahada ya juu, aliambiwa kwamba amekosea kuwapa sokwe majina. Ingefaa awape namba, kwa kuwa mtaalamu hapaswi kumwona mnyama kama nafsi. Yeye hakukubali. Katika vitabu vyake vya watoto, David Greybeard, Flo, Fifi na Flint wanaitwa kwa majina, na kila mmoja ana tabia yake.

Kitheolojia tunaona kwamba hapo alisimama mahali pema. Katika Mwanzo 2:19-20 Mungu anawaleta wanyama kwa Adamu aone atawaitaje. Kazi hiyo inatangulia anguko. Haikuwa kazi ya kuhesabu mali. Ilikuwa kazi ya kumtambua kila mmoja kwa alivyo. Mtoto anayesoma kwamba Flo alikuwa mama mvumilivu anajifunza kwamba nje ya ukoo wa wanadamu wako viumbe wenye maisha yao. Tena David Greybeard ndiye sokwe aliyeonekana mwaka 1960 akitumia bua kuvua mchwa katika kichuguu, na Leakey alipoarifiwa akasema kwamba sasa itabidi ama maana ya chombo ibadilishwe, ama maana ya mwanadamu, ama sokwe wahesabiwe kuwa wanadamu. Wako Wakristo walioshtushwa na neno hilo. Sisi hatuoni sababu ya hofu. Mfano wa Mungu katika mwanadamu haukuwahi kusimama juu ya ufundi wa kutengeneza vyombo. Unasimama juu ya Neno la Mungu linalomwita mwanadamu na kumdai jibu.

Lakini hapa pana dosari ambayo haitupasi kuifumbia macho. Sokwe hao wa Kigoma wanamjia msomaji kwa majina ya Kiingereza. Kwa mtoto wa Uingereza jambo hilo linamleta mnyama karibu. Kwa mtoto wa Kisarawe linaweza kumpeleka mbali, kana kwamba mnyama wa nchi yake hupata nafsi pale tu mgeni anapompa jina. Gombe yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake. Si kosa la mwandishi kwamba alizaliwa London, wala hatumdai awaite sokwe Mwanaidi na Shomari. Tunachosema ni kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa tafsiri peke yake. Maneno yaweza kuwa ya Kiswahili, na jicho linalotazama likabaki la mgeni.

Mfano ulio karibu ni komba wa Rondo. Mnyama huyu alipata jina lake la kisayansi mwaka 1997, nalo lilitokana na nyanda za Rondo katika Mkoa wa Lindi. Anaishi pia katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ni mdogo kuliko jamaa zake wote: uzito wake ni kama gramu 60, sawa na yai la kuku. Hutembea usiku, hula wadudu, na mkia wake ni kama brashi ya kusafishia chupa. Ametajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Mtoto wa Kisarawe amelala, na kiumbe huyo yuko macho kilomita chache kutoka kitandani pake. Pamoja naye yuko sange, mnyama mwenye pua ndefu anayechakura majani makavu mchana kutwa. Ni dhahiri kwamba hawa hawana umaarufu wa Flo na Fifi. Hawajapata mtu wa kuwangojea bandani.

Ukweli mbele ya mtoto

Mwandishi wa hadithi aweza kusema alitakalo, mradi hadithi isimame. Mwandishi wa habari za kweli ameweka agano na msomaji wake, na msomaji akiwa mtoto agano hilo ni zito zaidi, kwa kuwa mtoto hana njia ya kukagua. Katika hesabu yetu ya Kilutheri jambo hili liko chini ya amri ya nane.

Goodall alijaribiwa katika hili mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa pale maisha ya Gombe yalipomwonyesha mambo mabaya. Mwaka 1972 Flo alikufa, na mwanawe Flint, ambaye alikuwa amekwisha kupita umri wa kunyonya, alidhoofika kwa huzuni akafa majuma machache baadaye. Tena kati ya miaka 1974 na 1978 sokwe wa kundi la Kasakela waliwaua mmoja baada ya mwingine wale waliojitenga kwenda upande wa Kahama. Wako wenzake waliomshauri asiyatangaze mauaji hayo, wasije watu wakayatumia kuhalalisha vita vya wanadamu. Yeye aliyatangaza. Tunamsifu kwa hilo. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 ili baba mwenye nyumba awafundishe watoto wake, hakuwaficha watoto habari za dhambi wala za mauti. Alizisema kwa maneno mafupi wanayoweza kuyabeba. Mwandishi anayewapa watoto ulimwengu usio na kifo anawaacha bila neno la kusema siku kifo kinapoingia nyumbani.

Mara ya pili hakufaulu vema hivyo. Mwaka 2013 kitabu chake juu ya mimea, "Seeds of Hope", kilizuiwa kutoka kwa sababu sehemu zake zilikuwa zimechukuliwa mahali pengine bila kutajwa. Aliomba radhi, kitabu kikasahihishwa, kikatolewa mwaka 2014. Hicho si kitabu cha watoto, nasi hatukitaji ili kumshusha marehemu. Tunakitaja kwa sababu kinawahusu walimu wote wanaotunga vijitabu vya shule. Ni rahisi sana kunakili habari za tembo na twiga kutoka kitabu cha ng'ambo na kuweka jina lako juu. Mtoto hatatambua. Lakini kinachonakiliwa hivyo hakijaonwa na macho ya mtu yeyote aliye karibu na mtoto huyo, na makosa yaliyomo hurithiwa pamoja na maneno.

Jirani aliye msituni

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Kitabu cha mwaka 1988 kimejengwa kama safari ya mtu mmoja. Watu wa Kigoma wamo: yupo mpishi, wapo wenye mitumbwi, wapo wasaidizi. Lakini hadithi si yao. Moyo wa kitabu ni msichana na msitu. Historia ya Gombe yenyewe ni pana zaidi. Mwezi Mei 1975, wanafunzi wanne wa utafiti walipotekwa nyara na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe ilibaki mikononi mwa Watanzania, akiwamo Hilali Matama, nao wakaiendeleza bila kukatika. Kitabu cha watoto chenye mtu kama huyo katikati yake kingekuwa kitabu kingine kabisa.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba mwandishi mwenyewe alikuja kuuona upungufu wa umbo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege juu ya Gombe akaona kwamba vilima vinavyoizunguka hifadhi vimekuwa vitupu. Alitambua kwamba sokwe hawataokoka iwapo majirani zao hawana udongo wa kulima wala kuni za kupikia. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanza mpango wa TACARE uliohusu mashamba, maji, afya na miche ya miti vijijini. Matendo yake yakawa yamevuka kitabu chake.

Mtu aweza kupinga akisema: Goodall aliwaandikia watoto wa Ulaya na Marekani, kwa nini mnampima kwa Kisarawe? Jibu letu ni kwamba kitabu hupimwa pia mahali kinaposomwa, hasa kinaposifiwa kama kielelezo kwa waandishi wetu. Na kielelezo hiki, kikichukuliwa bila kufikiri, kina hatari. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, una historia ndefu ya migogoro ya mipaka kati ya wananchi na serikali. Nyumba za Dar es Salaam zimepikia mkaa kwa miongo mingi, na sehemu ya mkaa huo ilitoka katika wilaya hizi. Tuseme mwandishi anaandika kitabu chenye mnyama mzuri, msitu mzuri, na mtu mbaya mwenye shoka. Mtoto wa mchoma mkaa anakisoma. Anagundua kwamba mtu mbaya ni baba yake. Sasa mtoto huyo amchukie nani, baba au kitabu? Wengi watakifunga kitabu, na komba atakuwa amempoteza rafiki aliyemhitaji kuliko wote.

Njia ya kuepa hatari hiyo si kuuficha mkaa, kwa maana huo nao ungekuwa uongo. Kitabu cha kweli cha Kisarawe kingeeleza jinsi tanuri linavyopangwa na kufukiwa, jinsi linavyolindwa usiku lisishike moto wazi, ni miti gani inayotafutwa, gunia linauzwa kwa nani, na faida kubwa inakwenda wapi. Baada ya hapo kingemweleza komba, ambaye akikosa msitu hana pa kuhamia. Mwanzo 2:15 inaweka kulima na kutunza katika sentensi moja, na mtu yule yule anapewa kazi zote mbili. Paulo naye anaposema juu ya viumbe vyote vinavyougua (Rum. 8:19-22) anatuhesabu sisi miongoni mwa wanaougua. Mchoma mkaa na komba wako katika ugonjwa mmoja. Mwandishi atakayewaona wote wawili kwa huruma ile ile ndiye tunayemtafuta.

Hitimisho

Tumeona kwamba maandishi ya Jane Goodall kwa watoto yana nguvu mahali yanapofundisha kutazama kwa saburi, kumtambua mnyama kwa jina, na kusema kweli hata inapouma. Tumeona pia kwamba yanapungua mahali yanapomtenga mnyama na jirani yake wa kibinadamu, na kwamba mwandishi alilirekebisha jambo hilo kwa kazi kuliko kwa kitabu.

Kituo cha kwanza cha misheni ya Kilutheri huko Kisarawe kilianzishwa mwaka 1892. Sharika zilizo chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani zina walimu wa shule za Jumapili, wainjilisti na wazee wanaojua njia za misitu hiyo kwa miguu. Tunapendekeza kwamba wanafunzi wetu wa theolojia wanaotumwa huko kwa mazoezi wapewe, pamoja na kazi ya mahubiri, kazi ya kuandika kurasa ishirini kwa ajili ya watoto: juu ya komba, au sange, au mto Ruvu ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Waandike kwa Kiswahili, wasinakili, waende msituni usiku pamoja na mhifadhi na mzee wa kijiji, kisha wamsomee mchoma mkaa walichoandika kabla ya kumsomea mtoto wake. Akisema kwamba ni kweli, kichapwe.